Tangazo Pekee Lililotiiwa Kariakoo

Jambo lote lile liligharimu mtu mmoja, chumba kimoja cha kupanga Mtaa wa Nyamwezi, na karai la vitumbua lililokuwa motoni kila alfajiri tangu kabla sijaota mvi. Nimehesabu mara mbili, kama kawaida yangu, na mara zote mbili imetoka hivyo hivyo. Wengine watawaambia kwamba ugonjwa ule wa korona uligharimu makubwa zaidi, na ni kweli. Lakini mimi ni mtu wa Kariakoo. Nahesabu kilichopita mikononi mwangu.

Ninyi mliobaki kwenye gari la matangazo mliniomba, siku ile ya soda na keki ya kuniaga, niandike kidogo kuhusu kazi. Nadhani mlikuwa mnaniheshimu tu, hamkutegemea kwamba nitaandika kweli. Poleni. Mtu aliyezoea kupatana bei haahidiwi kitu kwa adabu, atakuja kukichukua.

Nilianzia Mchikichini, juu ya meza ya mitumba, nikipigia debe suruali za watu wengine. Pale nilijifunza kwamba mteja hasikii neno la kwanza. La kwanza linamgeuza shingo tu. La pili ndilo linaloingia. Kwa hiyo nilipochukuliwa na ofisi ya manispaa kuwa mtangazaji wa mitaani, nilikuwa nasema kila kitu mara mbili, na katikati naweka "narudia". Wachuuzi wakanibatiza. Mpaka leo ukimuulizia Bakari pale Msimbazi watakuuliza Bakari gani. Sema Narudia, utaonyeshwa mpaka kiti ninachokalia kunywa kahawa.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Pazi, Mzaramo mfupi aliyevaa koti la kaki hata kwenye joto la Desemba. Hakuwa na sauti kubwa. Alikuwa mtangazaji mwenye sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Sauti ni ya mashine, bwana mdogo," aliniambia. "Wewe unaleta maneno." Akanifundisha kufunga pembe, zile spika zenye mdomo kama tarumbeta, juu ya gari: moja mbele, moja nyuma, na ya nyuma iinamishwe kidogo, kwa sababu anayetega sikio ni yule aliyekwisha kupitwa. Maikrofoni inafungwa kitambaa ili upepo usiingie. Na gari halitangazi likiwa linatembea: linasimama kwenye kona, linasema, linaondoka.

Enzi hizo nyumba nyingi za Kariakoo zilikuwa za chini. Sauti ilipita juu ya mabati ikamkuta mtu uani anafua. Siku hizi ni maghorofa. Sauti inagonga vioo inarudi kukupiga mwenyewe, na mtu wa ghorofa ya sita amewasha kiyoyozi. Msimlaumu. Shukeni mtembee.

Siku yangu ya kwanza hatukutangaza kodi wala maji. Tulitangaza mtoto. Mama mmoja alikuwa ametoka Morogoro kununua vitambaa, akageuka kulipa, akageuka tena, mtoto hayupo. Fulana nyekundu, kaptula ya shule. Tukaanzia Msimbazi, tukaingia Mtaa wa Kongo, Narung'ombe, Sikukuu, kila kona tunasimama. Tulimkuta kwa muuza maji, amekalia ndoo iliyopinduliwa, analamba barafu kama mtu aliyealikwa. Mama analia, sisi tunacheka, mimi macho yangu yako kwenye chai.

Mzee Pazi akamwambia dereva, "Geuza. Tunarudi."

"Tunarudi wapi tena, mzee? Mtoto si huyu?"

"Narung'ombe kuna mtu bado anaangalia kila fulana nyekundu. Sikukuu kuna mwanamke ameacha kuuza. Mmewatwisha mzigo. Kawatueni."

Tukapita njia ile ile, kona zile zile, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mtoto amepatikana. Narudia, mtoto amepatikana. Hiyo ndiyo sheria ya kazi hii na hamtaikuta kwenye mwongozo wowote: tangazo linarudishwa kwa njia lililopita. Nimerudisha hivyo matangazo ya mikoba, vyeti vya watu, maji yaliyotangazwa kukatika kisha yakatoka, na mbuzi mmoja wa Idi ambaye mwenyewe alimkuta jikoni.

Yule dereva aliyeuliza "tunarudi wapi" alikuwa Sefu, mgeni kazini kama mimi. Tulikaa gari moja mpaka tulipotenganishwa. Mrefu, mvivu wa maneno, fundi wa kupenya. Sefu aliweza kupitisha gari lenye pembe mbili mahali ambapo mwenye mkokoteni amekata tamaa. Kila asubuhi alikuja na vitumbua vya mkewe, Mama Nasra, aliyevikaanga barazani kwenye nyumba waliyopanga Mtaa wa Nyamwezi. Nilikuwa nanunua, sipewi. Mama Nasra alisema mtu anayepatana bei ya ndimu asizoeshwe bure.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa kipindupindu. Karatasi ilisema: marufuku kuuza matunda yaliyokatwa. Nikaisoma sokoni, na kabla sijasema narudia, muuza mapapai akanidaka.

"Narudia, lile papai ulilokula hapa jana, lilikuwa na kibali?"

"Lilikuwa na nzi."

"Mbona hukusema?"

"Nzi nao walikuwa wamelipia."

Tukacheka, kisha tukapatana. Kata tunda mteja akiwa amesimama, kisu kikae kwenye maji yaliyochemka, sinia lifunikwe. Haikuwa ndivyo karatasi ilivyosema, lakini ilifanywa, na karatasi peke yake isingefanywa. Walikubali, na si kwa ajili yangu. Kipindupindu walikuwa wamekiona. Kila mtu alikuwa na jirani aliyebebwa amelegea kama nguo mbichi. Mtu akishaona, tangazo linamkumbusha tu.

Jambo la mwisho kabla sijafika ninakokwenda. Ofisi haikutupa kazi ya kutangaza misiba, lakini Kariakoo mtu akifa ndugu zake wanasimamisha gari, na gari linamtangaza njiani. Hakuna malipo. Mimi ninayeomba punguzo hadi dukani penye bei za kubandikwa, kwa msiba sijawahi kudai hata soda. Na maneno yake yanajulikana: jina, nyumba, saa ya kuzika, halafu "ameugua kwa muda mfupi" au "ameugua kwa muda mrefu". La tatu hakuna. Hayo hayapatanwi. Nimewahi kupatana mara moja tu, na ndiyo habari yenyewe.

Korona ilipoingia, tangazo la kwanza lilikuwa jepesi: naweni mikono kwa maji tiririka na sabuni. Kariakoo ikapendeza kwa ndoo. Kila mlango wa duka ndoo yenye bomba, na kila ndoo imefungwa mnyororo na kufuli, maana ugonjwa ni ugonjwa na wizi ni wizi. Sabuni nayo imefungwa kamba. Watu walinawa mkono mmoja. Wa pili umeshika simu. Kufikia adhuhuri ndoo nyingi zilikuwa kavu, lakini bado mtu anafungua bomba, anasugua hewa, anaingia dukani ameridhika.

Barakoa nazo. Mtaa wa Kongo kijana alizitandika za kitenge juu ya boksi, na kioo pembeni. Mteja anachukua, anavaa, anajitazama, anageuza shingo kushoto na kulia, anasema inabana, anarudisha. Anayefuata anachukua ile ile. Tulivyozoea kujaribu kofia za mtumba, ndivyo tulivyojaribu barakoa. Nilishuka garini nikamwambia kijana watu wasijaribu. Akanitazama kama nimetukana.

"Mzee, sasa atanunuaje kitu kisichomkaa?"

Mimi mwenyewe, ili nieleweke nikisema vaeni barakoa, ilibidi nivue yangu.

Tangazo zito lilikuwa lile la kukaa nyumbani kama huna safari ya lazima. Hatukufungiwa kama tulivyowaona wenzetu wa nchi jirani kwenye simu, tuliombwa tu. Nililisoma Mchikichini, mbele ya mama lishe mmoja aliyenijua tangu nikiwa juu ya meza ya suruali. Aliacha mwiko kwenye sufuria.

"Nikae nyumbani? Nyumbani kwangu ni hapa, Narudia. Kule ninalala tu."

"Wamesema kama huna la lazima."

"Huu wali ni wa lazima. Wewe mshahara wako unaingia ukiwa umekaa, sema. Kaa wewe, sisi tutakutangazia."

Wachukuzi wa mizigo wakapiga makofi. Mmoja akasema huo ni ugonjwa wa watu wa ndege, yeye hata ngazi ya ndege hajaigusa. Mwingine akasema ni wa Upanga, wenye friji. Nami sikuwa na kisu cha papai cha kupatana nacho. Utapunguza nini kwenye kukaa? Mtu akae nusu?

Upanga kulikuwa na Bwana Kanti, muuza vyombo wa Mtaa wa Aggrey, ambaye alifunga duka lake kwa hiari na kujifungia ghorofa ya tatu. Alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba, muuza mboga anaweka mchicha, kikapu kinapanda. Kariakoo nzima ilimcheka. Nilipita siku moja nikasimamisha gari chini yake, nikamuuliza kwa utani kama kikapu kinaweza kunipandisha na mimi. Akainama dirishani.

"Cheka tu, Bwana Narudia. Mimi kaka yangu amefia ng'ambo. Nimemzika kwa simu. Betri iliisha kabla hawajamaliza."

Nikazima maikrofoni, ambayo hata hivyo haikuwa imewashwa.

Mnaona basi. Aliyeuona alijifungia bila kuambiwa. Asiyeuona hakuna pembe iliyomwingia. Na kupima ndiyo kabisa. Madereva wa malori pale nje ya bandari walikuwa wanapimwa kabla ya kuvuka mipaka, na mmoja alinionyesha cheti chake akiwa amekasirika, mzima kama jiwe. "Nimeambiwa mgonjwa na karatasi," alisema. "Mwili haujaniambia kitu." Maneno hayo yalizunguka mjini kuliko tangazo langu lolote.

Sasa Sefu. Ilikuwa asubuhi, tumesimama kona ya Sikukuu, nimetoka kusoma: mwenye kikohozi, homa au kubanwa na kifua akapime. Narudia, akapime. Sefu akakohoa. Nikaweka maikrofoni chini.

"Hicho kikohozi cha lini?"

"Cha vumbi."

"Vumbi la lini?"

"Bakari, usinihesabie." Yeye peke yake ndiye aliyeniita Bakari.

"Nimetoka kuwaambia watu wakapime. Wamesikia mpaka Gerezani."

"Tangazo lako ni la watu walio nje ya gari."

Nikamwambia twende tu, ukitoka huna tunacheka, tunakula vitumbua. Akazima injini. Sefu hakuwa na desturi ya kuzima injini kwenye kona.

"Na nikitoka ninao? Unijibu hilo, wewe mtu wa bei. Wanakuja na lile gari, wamevaa kama wapuliza dawa ya mbu, wananitoa mlangoni kwa Bi Mgeni mwenye nyumba, mchana kweupe. Vyumba sita, choo kimoja. Kuanzia siku hiyo Mama Nasra atamuuzia nani kitumbua? Ugonjwa unaweza kukuachia, Bakari. Mtaa haukuachii."

Nilifanya ninachokijua: niliomba punguzo. Asipime, sawa, lakini asije kazini, akae ndani mbali na watoto. Alitaka siku tatu, nikataka kumi na nne, tukaishia saba. Ofisini akasema mgongo. Dereva akisema mgongo hakuna anayebisha.

Nilikuwa nampelekea ndimu na tangawizi, ambazo msimu ule bei yake ilikuwa kama ya dhahabu. Ndimu iliyouzwa kwa fungu ilianza kuuzwa mojamoja na kutazamwa kwenye mwanga. Nilikuta wamemkalisha uani, blanketi juu, sufuria ya nyungu ya kujifukizia chini, mwarobaini na mchaichai na majani ya mpera. Hakuna mpangaji aliyeshtuka. Harufu ya nyungu ilikuwa kila uani Kariakoo. Huwezi kujua nani anaumwa na nani anaogopa. Chini ya blanketi Sefu akaniuliza nani anaendesha gari. Nikamwambia kijana fulani. "Anapita Narung'ombe?" Nikamwambia anazunguka. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaa.

Alifariki asubuhi, ameketi kitandani amevaa viatu, wanasubiri bajaji ya kumpeleka hospitali. Bajaji ilipofika, dereva wake alichungulia akaondoka bila kudai nauli.

Nikasimama mlangoni kwa Mama Nasra, yeye nyuma ya pazia, mtoto wake mkubwa Nasra amemshika bega. Jirani wawili walikuwa uani wakijifanya wanafua.

"Kamtangaze," alisema. "Sema ameugua kwa muda mfupi, watu waje wamzike."

"Mama Nasra, chumba hiki kitajaa watu mpaka uvunguni. Na kama ni ule?"

"Kama. Umempima wewe?"

"Sikumpima. Hakutaka."

"Basi usiniletee kama."

Mzee Pazi alikuwa anasema, usitangaze kitu ambacho hutaweza kukijibia ukishuka garini. Nilikuwa nawaona wazee wa msikitini, mama lishe wa Mchikichini, wachukuzi, wote wamebanana kwenye ule ukumbi wa nyumba wenye upana wa mlango mmoja. Na nilikuwa namwona Sefu akizikwa bila watu, mtu aliyejua kila kona.

Mama Nasra akasogea karibu na pazia. "Wanangu wamelala naye humu humu," alisema polepole. "Unataka kusema nini?"

Tukapatana. Mimi nilitaka "kwa tahadhari". Akakataa, alisema neno hilo atalivaa mpaka afe. Yeye akatoa "familia inaomba wachache". Kisha akalirudisha: "Ondoa familia. Familia haijaomba. Sema wewe." Tukafika hapa: Sefu dereva amefariki, anazikwa leo baada ya swala ya adhuhuri, tunaomba waje wachache, wengine wamwombee walipo. Muda mfupi wala mrefu hatukutaja. Nikamsomea mara mbili. Mara ya pili pazia likatikisika kidogo, nikajua ameitikia.

Nimetangaza katika mji huu kodi, mikutano, usafi, moto, mvua, na kila tangazo lilikuwa na mjibuji wake. Lile halikujibiwa. Nilisimama Sikukuu, nilisimama Narung'ombe, nilisimama Mtaa wa Kongo. Watu walisikiliza mpaka mwisho, wakasubiri nirudie, nikarudia, wakatazamana. Muuza kahawa aliyekuwa ananimiminia akafunika birika. Miezi ile yote niliwaambia wakae nyumbani wakanicheka. Siku ile niliwaambia waje wachache, wakatii. Tena walitii kupita tulivyoomba.

Jeneza la Kariakoo kwa kawaida linaelea juu ya mabega. Watu wanasukumana kutafuta thawabu. Ukilishika kidogo umeshanyang'anywa. La Sefu lilibebwa na watu wale wale kutoka kwenye gari mpaka kaburini, na njiani ilitubidi tulitue tupumzike. Ubani ulioletwa nyumbani siku ile ulitoka kwa mtu mmoja. Bwana Kanti, yule wa kikapu, alituma bajaji na mchele na sukari.

Halafu Mama Nasra akaingia eda. Kukaa nyumbani kumbe tunakujua vizuri sana: miezi minne na siku kumi mwanamke hatoki, na hakuna anayesema ni jambo lisilowezekana. Wanawake wa mtaa ndio humfanya asione urefu wake. Wanaingia, wanatoka, wanamletea maneno. Kwake hawakuingia. Nasra, wakati huo bado yuko sekondari na shule zimefungwa, alikaanga vitumbua barazani kama mama yake, mchanganyiko ule ule, hiliki ile ile. Nilikuwa nanunua vyote nilivyoweza kubeba, nawagawia ofisini bila kusema vimetoka wapi. Ndiyo, wengine wenu mlikula. Vilivyobaki vilirudi ndani na karai.

Nyumbani kwao hakuna mwingine aliyeumwa. Si Mama Nasra, si watoto, si wapangaji wale. Mpaka leo sijui hiyo inamaanisha nini. Huenda tuliwaokoa. Huenda hapakuwa na cha kuwaepusha nacho, na lilikuwa pafu tu, au moyo, au lile vumbi alilolisema.

Eda ilipokwisha mtaa ulikuwa umeshausahau ugonjwa. Ndoo zimegeuzwa za kuwekea maua ya plastiki, barakoa hazionekani, watu wamebanana kama zamani. Kilichokumbukwa ni nyumba. Bi Mgeni, mwenye nyumba, alimpa mwezi mmoja. Alisema anataka kukipaka chumba rangi. Nilienda kumwona, nikapatana naye kama sijawahi kupatana na mtu, nikamwambia rangi nitanunua mimi na kupaka nitapaka mimi. Akanisikiliza kwa heshima zote.

"Bwana Narudia, mimi sina neno na yule mama. Ila wapangaji wangu wana masikio. Si ulitangaza mwenyewe?"

Nilisaidia kupakia vitu kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo: kitanda, makochi mawili, karai limefungwa kwenye khanga. Walikuwa wanaenda Chanika, kwa ndugu. Mama Nasra alipanda mbele, akateremsha kioo.

"Sikulaumu," alisema. "Tulipatana maneno, na niliyakubali. Lakini wewe uliyasema ukaondoka na gari. Mimi nilibaki nayo barazani."

Katika kupatana kote nilikofanya maishani, hiyo ndiyo bei pekee tuliyokubaliana wawili akalipa mmoja.

Kazi iliendelea. Karatasi za ugonjwa zilikuwa zimeacha kuja, tukarudi kwenye kodi ya majengo. Baadaye zikaja tena, barakoa, kisha chanjo. Sina la kusema juu ya walioziandika. Mimi nilikuwa pembe. Ila mtaani pembe ndiyo inayoonekana. Yule mama lishe wa Mchikichini alinisikiliza habari za chanjo mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye aproni.

"Mlisema tujihadhari, mkanyamaza, na sisi tukanyamaza. Leo mnataka mkono wangu. Lile la kwanza mlilirudisha lini?"

Nikamwambia halikuwa la kurudishwa. Akaniambia basi na hili atalisubiri kidogo. Baada ya muda alichanja, lakini kwa kuambiwa na binti yake. Sauti yangu Kariakoo tangu hapo ilikuwa ya kujulisha saa za kukatika maji. Ninyi mnaoweka matangazo kwenye flashi na kuchezea simu huku spika ikijisemea, mnafikiri watu hawasikilizi kwa sababu ya makelele. Sivyo. Wanasikiliza sana. Wanakumbuka nani alisema nini, kwenye kona ipi, na kama alirudi.

Ningeishia hapo. Lakini wiki iliyopita, nimekaa na kahawa yangu Msimbazi, msichana mmoja alisimama mbele yangu, mrefu kama mlingoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mimi Nasra wa Sefu."

Nikamvutia kiti. Anauza vipodozi sasa, kibanda kidogo Mtaa wa Swahili. Nikamuuliza mama. Mzima. Anakaanga? Hakaangi. Kule Chanika alijaribu, akakuta mtu aliyemjua kutoka Nyamwezi, karai likarudi kwenye khanga. Kisha akasema alichotumwa.

"Mama anasema, zamani ukimtangaza mtoto aliyepotea, akipatikana ulikuwa unarudi njia ile ile. Baba alituhadithia. Anasema lile la baba hukulirudisha. Anasema umemwacha kule."

"Nirudishe nini, mwanangu? Baba yako hakupatikana."

"Na mimi nilimwambia hivyo. Akasema wewe utajua."

Sijui. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Siwezi kupita nikisema Sefu hakuwa nao, hakupimwa. Siwezi kusema alikuwa nao, hakupimwa. Nikisema tusameheane, watauliza nani amemkosea nani, na kila mmoja ataonyesha ndoo yake ya kunawia. Nikimtangaza upya, aliugua kwa muda mfupi, watu wake waje, ni nani huja kuzika kaburi lililokwisha kuota majani?

Nimewaandikia kurasa hizi zote za pembe na betri ili niwaulize hili moja, maana ninyi bado mko kazini na mnajua masikio ya sasa yanavyosikia. Pembe ya mkononi nimeazima kwa muuza sumu ya panya. Njia naijua: nitaanzia Mtaa wa Kongo, nirudi Narung'ombe, Sikukuu, nimalizie mbele ya baraza la Bi Mgeni, kwa miguu, kila kona nisimame. Nasra ameniambia mama yake atashuka kutoka Chanika Ijumaa, asimame kule mwisho, asikie. Maneno ndiyo sina. Mwenye nayo kati yenu anipe kabla ya siku hiyo, yawe machache, yawe ya kweli, na yaweze kusemwa mara mbili.